Ngozi Rafiki wa Mazingira

Nianze kwa kukiri, maana kijijini kwetu wote wanajua na ni wewe tu msomaji uliyebaki: mimi ndiye niliyemwaga pipa zima la maji ya chokaa na manyoya ya ng'ombe mtaroni siku ya Sabato, nikipiga hesabu kwamba majirani wote wako kanisani na hakuna atakayeona. Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Hakuna aliyeona. Kosa langu ni kwamba sikukumbuka kuwa mtaro hauendi kanisani. Siku ya Sabato unateremka vile vile kama Jumanne.

Kwa mgeni nieleze kidogo tunavyokaa. Mashamba yetu yamekatwa kama mikanda. Kila boma lina mkanda wake, unaanzia barabarani juu mgongoni mwa kilima, unapita kwenye nyumba, majani chai, migomba, nyasi za nepia za ng'ombe, mpaka chini kijitoni. Kwa hiyo kila mtu ana jirani wa chini, na kila unachokiacha kiende, kinaenda kwake. Jirani wangu wa chini ni mama mjane, Msabato wa kweli, ambaye shamba lake linajikunja na kupita chini ya langu pale kijito kinapopinda. Hapo alichimba kidimbwi cha samaki. Wakati akichimba, mimi nilikuwapo. Nilikaa kwenye kigogo nikatoa ushauri. Nilimwambia samaki ni mambo ya watu wa ziwani, sisi Mungu alitupa ndizi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba niinue miguu apitishe jembe.

Alifuga tilapia, si kambare, kwa sababu kambare hana magamba na asiye na magamba haingii katika sufuria ya Msabato. Tilapia wakakua. Binti yake akachumbiwa na kijana wa Nyamira, na wazazi wa kijana wakapanga kuja kuzungumza mambo ya mahari. Yule mama akatangaza kwamba wageni wake hawatakula kuku kama wageni wa kila mtu. Watakula samaki aliowalea mwenyewe, kila mgeni na samaki wake mzima sahanini, kichwa na mkia. Alilisema hilo kanisani, akalisema sokoni, akalisema na kwa wakwe wenyewe kwa simu. Mjane akisema jambo mara tatu, huwa amelifunga kama mzigo kichwani. Hawezi kulitua njiani.

Sasa mimi na ngozi tulikutana wapi?

Tulikutana kwa ajili ya viatu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu ni karani wa ofisi kule Kenyenya, yeye ndiye hutoka na kurudi. Mimi nabaki na ng'ombe, chai na maoni. Nikifika Masimba nahesabu nimesafiri. Lakini siku moja nilijitosa hadi soko la Nyamarambe na huko nikanunua viatu vyeusi vya kwendea misa, vinang'aa kama paji la uso la mgombea. Chini viliandikwa kwamba ni ngozi halisi. Misa mbili na mvua moja baadaye, vilianza kubanduka. Si kuchanika, la. Kubanduka, maganda maganda, kama kiazi kilichopikwa na ngozi yake.

Nikavipeleka kwa fundi wa viatu pale Masimba. Alivishika kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye sukari.

"Mkubwa, hivi ulinunua ama ulitupiwa?"

"Nilinunua. Ni ngozi halisi. Imeandikwa hapo chini."

"Imeandikwa na nani? Ng'ombe?"

Waliokuwa wakingoja viatu vyao walicheka. Mimi pia nilicheka, nikitafuta pa kuweka miguu. Fundi akaniambia niketi, akanipa somo ambalo shule ya upili haikunipa. Ngozi ya ng'ombe, alisema, ni nene, hupasuliwa kama mkate. Ile ya juu, iliyobeba manyoya, ndiyo yenyewe: ina vinyweleo, ina makovu ya kupe na seng'enge, na haioni haya. Ya chini yake ni ya ndani, haina nguvu. Hupakwa rangi ya plastiki na kugongwa chapa ya vinyweleo vya uongo ili ifanane na dada yake. Halafu kuna makombo na vumbi linalobaki kiwandani. Hayo husagwa, yakatiwa gundi, yakabandikwa kwenye kitambaa.

"Hata hiyo wanaita ngozi halisi," alisema, "kwa sababu ng'ombe alikuwapo."

"Na hivi vyangu?"

Akavigeuza, akavinusa, akakwangua kwa kucha.

"Hivi vyako? Ng'ombe alipita karibu."

Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu. Ukinipa somo la dakika kumi, mimi ninaligeuza taaluma. Nilianza kupapasa mikanda ya watu mazishini. Nilimwambia katekista kwamba jalada la Biblia yake ni reksini, kitambaa kilichopakwa plastiki. Nilimwambia mke wangu kwamba ule mkoba alionunua Kisii mjini, alioambiwa ni ngozi isiyoua mnyama, ni plastiki tupu, na kwamba siku atakapoutupa utakaa shimoni mpaka wajukuu wetu wazeeke, ukiachia vipande majini.

"Angalau hauna harufu," alisema bila kuinua macho.

"Ngozi ya kweli ina heshima ya harufu."

"Basi wewe una heshima nyingi, Baba Watoto. Nenda ukaoge."

Nilipoona nyumbani sipati wanafunzi, niliingia kwenye simu kusoma. Huko nilijifunza kwamba ngozi nyingi duniani huivishwa, yaani hutengenezwa zisioze, kwa chumvi za kromiamu. Kazi ambayo zamani ilichukua msimu mzima, kromiamu huimaliza kwa siku moja au mbili, na ngozi hutoka na rangi ya buluu, laini, tayari kupakwa rangi yoyote. Ila maji yake yakimwagwa bila kusafishwa, mto ndio hulipa, na aliye chini ya mto hulipa pamoja nao. Nilikasirika. Nikiwa nimekaa kwangu, na chai mkononi, nilikasirikia viwanda vya dunia nzima. Katika baraza la chifu lililofuata nilisimama, bila kuombwa, nikaeleza juu ya kromiamu kwa robo saa, na watu wakasikiliza kwa heshima kwa sababu walidhani nafika kwenye jambo la mbolea.

Kisha nikasoma kwamba ipo njia ya zamani, ya magome ya miti. Ngozi hulowekwa katika maji ya magome, ikakaa humo wiki na miezi, ikatoka ya kahawia, ngumu, yenye kudumu, isiyo na kromiamu hata chembe. Na magome yanayosifiwa sana ni ya mwati. Niliruka kitini. Mwati! Ule mti wa kuni, ambao mimi ninao mpakani mitatu mizima! Na bibi yangu si alilala juu ya ngozi maisha yake yote, ngozi iliyowambwa kwa vigingi juani na kulainishwa kwa samli? Nikaona nimezaliwa juu ya kiwanda bila kujua. Nitajitengenezea ngozi. Nitashona viatu visivyobanduka wala kuua mto. Nikawatangazia watu kwamba ngozi yangu itakuwa rafiki wa mazingira.

Niseme ukweli hapa. Ukurasa ule ulikuwa mrefu na bando langu lilikuwa fupi. Liliisha nikiwa kwenye uzuri wa magome. Sehemu inayoeleza yanayofanyika kabla ya magome sikuifikia, nami sikuona haja. Nani anasoma mwisho wa habari njema?

Ngozi haikuwa shida kupata. Zamani alikuwa akipita mnunuzi na baiskeli, anazikusanya kijiji hadi kijiji. Siku hizi bei imekufa na ngozi zinabaki kichinjioni zikigombaniwa na mbwa na nzi. Mchinjaji aliponiona nimekuja kuomba moja, aliniangalia kama mtu aliyekuja kuomba malaria.

"Chukua, mkubwa. Ukichukua mbili nakununulia soda."

Nilichukua moja. Ilikuwa nzito kama mlevi. Nikaipaka chumvi yote ya jikoni, na kwa siku tatu nyumbani kwetu mboga zililiwa kwa imani. Nikailoweka katika pipa, nikatia chokaa iliyobaki tulipopaka nyumba rangi, na majivu, na chokaa tena kwa usalama, ili manyoya yalegee. Kisha nikaenda kwenye miwati. Mtu mwenye akili huukata mti kwanza ndipo auchune gome. Mimi, kwa kuwa napenda miti, niliamua nisiikate. Niliichuna ikiwa imesimama, kuizunguka pande zote, kutoka chini hadi mkono wangu ulipofika. Mke wangu alirudi kutoka kazini akaikuta mitatu yote imesimama mpakani bila suruali.

"Hii itakufa," alisema.

"Haijakatwa."

"Hata mbuzi akichunwa hajakatwa."

Baada ya siku kumi pipa lilikuwa linaongea. Lilitoa mapovu, na harufu yake ilitembea kutoka boma hadi boma kama mgeni anayetafuta kwao. Asubuhi moja jirani yangu wa chini alipanda kupitia kwenye nepia, khanga puani.

"Nini kinaoza hapa, mwanangu?" Huniita mwanangu ingawa nina mvi. Namwita Mama, na ninapokosea namwita Mama mara mbili.

"Hakuna kinachooza, Mama. Ni ngozi inaandaliwa kwa njia ya asili. Ni rafiki wa mazingira."

"Rafiki wa nani?"

"Wa mazingira."

"Na mazingira yamekubali?"

Nikamweleza juu ya kromiamu. Nikamweleza juu ya maji ya buluu, na viwanda, na mito ya nchi za mbali. Alikuwa akichungulia pipani.

"Hiki cheupe ni nini?"

"Chokaa. Mama, mimi situmii kemikali. Chokaa ni mawe tu."

"Hata sumu ya panya ni unga tu." Akafunika pipa kwa kifuniko changu mwenyewe, akajipangusa vidole kwenye nepia. "Maji haya utayamwaga wapi?"

"Nitachimba shimo, huku juu, mbali na mtaro."

"Chimba. Wageni wangu wanakuja Jumapili ya wiki ijayo, na samaki wangu hawajasoma kemia."

Nilikusudia kuchimba. Naapa. Jumamosi asubuhi nilichukua jembe, nikachimba mpaka magoti, nikakutana na jiwe. Nikalizunguka, likawa linanizunguka. Mgongo ukanikumbusha mwaka niliozaliwa. Nikasimama, nikajinyoosha, nikatazama kilima chetu kutoka juu mpaka chini, na hapo ndipo shetani, ambaye hana dhehebu, alinionyesha jinsi kilivyokuwa kitupu. Sisi Wakatoliki kwenye kilima hiki ni wachache. Siku ya Sabato hubaki kuku, mbwa na mimi. Mke wangu alikuwa ameenda Kenyenya kusukwa nywele kwa ajili ya wageni wa jirani. Nikajiambia: maji haya yakipita haraka, kabla watu hawajatoka kanisani, yatakuwa yamekwisha kufika mbali, kwa watu wasionijua.

Nikalaza pipa. Maji yaliteremka mtaroni meupe kama uji, yakibeba manyoya na vipande vya mafuta. Nikamwagia ndoo mbili za kusuuzia. Kisha nikaingia ndani nikanywa chai.

Baada ya muda nikateremka na ngozi begani, niioshe kijitoni kama mtu asiye na hatia. Nikapita kando ya kidimbwi. Samaki walikuwa wamepanga midomo juu ya maji, kidimbwi kizima, wakifungua na kufumba, kufungua na kufumba, kama kwaya iliyonyang'anywa sauti. Wachache walikuwa wamelala ubavu. Maji yalikuwa na ukungu. Pale mfereji unapoingia kutoka kijitoni kulikuwa na povu, na juu ya povu manyoya mekundu ya ng'ombe niliyemjua vizuri.

Nilitupa ngozi. Niliziba mfereji kwa matope na shina la mgomba. Nilipiga nduru. Msomaji, ukitaka kujua upweke ni nini, piga nduru kwenye kilima cha Wasabato siku ya Sabato. Mbwa mmoja alikuja, akanusa suruali yangu, akaondoka. Nilichota ndoo ya maji safi kutoka chemchemi juu, nikaimwaga, nikarudi, nikachota nyingine, na kufikia ya nne nilielewa kwamba mimi na ndoo moja tutamaliza kazi hiyo baada ya harusi. Ilibaki njia moja. Nilipanda kilima kwenda kanisani.

Harufu iliingia kwanza, mimi nikafuata. Mzee wa kanisa alikuwa mimbarini akihubiri, na akanyamaza katikati ya neno. Kanisa zima liligeuka, mashati meupe na vilemba vyeupe, likaniona nimesimama mlangoni na suruali yenye chokaa, manyoya ya ng'ombe kichwani, na vidole vyekundu kwa kuchubuka. Jirani yangu alikuwa benchi la tatu. Hakuuliza ninamtafuta nani.

"Mama," nikasema. "Mama, samaki."

Akasimama. "Umefanya nini?"

"Nimemwaga."

"Wapi?"

"Mtaroni."

Alifumba macho, midomo ikatembea bila sauti, nikadhani ananiombea. Alipoyafumbua niliona kwamba sivyo. "Wamekufa?"

"Bado. Wanahema juu. Wanahitaji maji safi, mengi, na watu wa kuyabeba."

Mzee wa kanisa akakohoa. "Mama, pole sana. Lakini ndugu zangu, leo ni Sabato. Kazi ya mikono, na kuteka maji..."

"Mzee," alisema yule mama, kwa sauti ya chini, "si Bwana alisema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, atolewe?"

"Alisema ng'ombe. Samaki hakumtaja."

"Hakumtaja kwa sababu samaki yuko shimoni tayari. Wakwe zangu nimewaahidi samaki, na ninyi nyote mlinisikia nikiwaahidi, hapa hapa. Mtabeba maji leo, ama Jumapili mtakuja kuwaeleza wageni wangu Maandiko?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, akashindwa. Mzee wa kanisa aliangalia Biblia yake, akaangalia dirisha, akafunga Biblia.

"Tutaimba wimbo wa kufunga tukitembea," alisema.

Sijawahi kuona kitu kama kile na natumaini sitakiona tena. Kanisa lote liliteremka likiimba. Wanawake walivua viatu vya Sabato wakavipanga kwenye nyasi, viwili viwili, na mimi hata katika hali ile macho yangu yalivipima: reksini, reksini, ngozi ya ndani, reksini. Kila nyumba ilitoa mitungi. Wakapanga mstari kutoka chemchemi hadi kidimbwini, mtungi ukipita mkono kwa mkono, na wa mwisho akiumwaga kutoka juu ili maji yaanguke yakichukua hewa. Wengine walifungua upande wa chini maji mabaya yatoke. Mzee wa kanisa alikunja suruali ya suti yake akaingia matopeni, akawa anahesabu mitungi kwa sauti ile ile ya mahubiri.

Mimi nilipewa kazi ya kusimama ndani ya kidimbwi na chujio, kuwatoa waliozidiwa. Lakini kuwaweka wapi? Ndoo zote zilikuwa mstarini. Hapo shemasi mmoja, mwanamke mnene mwenye akili nyepesi, akapanda mbio kanisani akarudi na yale mabeseni wanayoyatumia kutawadhana miguu kabla ya meza ya Bwana. Tuliyajaza maji ya chemchemi. Jioni ile tilapia wa jirani yangu walikuwa wamejipanga katika mabeseni ya unyenyekevu chini ya migomba, wakihema, na wanawake wakiwapepea kwa majani ya migomba kana kwamba upepo unaingia majini.

Karibu nusu walikufa. Yule mama aliwatazama wakielea, tumbo juu, wakubwa na wadogo. Hakulia wala hakunitukana, na ningempa ng'ombe kama angenitukana. Alisema tu hawa hawaliwi, hawajulikani wamekunywa nini, wazikwe. Lile shimo lililonishinda asubuhi nililichimba kwa nusu saa, jiwe na yote, yeye amesimama juu yangu na mikono kiunoni.

Mke wangu alirudi na nywele mpya akanikuta ninafukia. Alielezwa na watu saba kwa wakati mmoja.

"Niliacha mume na ng'ombe," alisema. "Naona ng'ombe ndiye aliyebaki na akili."

Usiku ule aliniwekea bando yeye mwenyewe, akasimama nyuma yangu nikamalizia ukurasa. Ulisema, kwa utulivu wote, kwamba kabla ya kromiamu na kabla ya magome, ngozi zote hupita jiko lile lile: chumvi, chokaa, manyoya, mafuta na damu, na kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa ngozi hutoka huko. Ulisema hata maji ya magome, yale ya asili, yakimwagwa kijitoni hunyonya hewa ya samaki. Njia ya asili ina lake la kumwagwa, na kila ngozi ina jirani wa chini. Tofauti ni kwamba wa viwanda humjui. Wa kwangu anajua mlango wangu.

Tulikuwa na siku nane. Hao waliobaki walirudishwa kidimbwini Jumatatu, na kila asubuhi mpaka Jumamosi niliteremka alfajiri na mitungi miwili, mimi ambaye kijijini hawakuwa wakijua naamka saa ngapi. Yule mama aliketi ukingoni akihesabu vichwa. Jumanne akafa mmoja, Jumatano wawili. Kila aliyekufa alinionyesha kwa kidole, kama mwalimu anayeonyesha hesabu mbaya ubaoni. Alhamisi hakufa hata mmoja. Ijumaa walikula pumba, wakarusha mkia, naye akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataa kufurahi mapema.

Alikuwa akipiga hesabu nyingine pia. Wakwe walikuwa wametuma orodha ya watakaokuja, na orodha ilikuwa ikiongezeka kwa sababu habari za samaki zilikuwa zimefika Nyamira. Alihesabu majina, akahesabu vichwa majini, akahesabu tena.

Jumapili wakaja. Watu wa chai, wazee wenye makoti mazito na wanawake wenye vitenge vya sare, wakaketi upande wao wa hema. Upande wetu waliketi wajomba wa binti, mzee wa kanisa na mimi. Nilipaswa kuwapo, kwani mjane anapoozesha, majirani wanaume huketi upande wake ili wageni wasidhani boma halina watu. Nilikuwa nimeoga mara tatu. Mazungumzo ya mahari yalienda vizuri, yakakwama, yakaenda tena, kama yanavyofanya yenye adabu. Kisha maji ya kunawa yakapita na chakula kikaanza kutoka.

Kila mgeni alipata samaki mzima. Kichwa na mkia, wa kukaanga, amelala juu ya ugali wa wimbi na chinsaga kando, ile mboga chungu ambayo huku mtu hajala mpaka ameila. Mzee mmoja wa upande wa kijana aliinua wake kwa mkia juu ili wote waone.

"Hawa kweli wamefugwa hapa? Hapa kilimani?"

"Hapa hapa," alisema mzee wa kanisa. "Wengine nimewabeba kwa mkono wangu."

Wakacheka, wakala, wakasifu. Nilimwona yule mama amesimama karibu na jikoni na sinia mkononi, akipitisha macho kwenye sahani za wageni moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu. Alipofika kwenye sahani ya mwisho, mabega yake yakashuka. Walikuwa wametosha. Neno lake kwa wakwe lilikuwa limesimama.

Ndipo akaanza kugawia upande wetu. Wajomba wakapata samaki wadogo. Mzee wa kanisa akapata nusu, akashukuru. Sahani yangu ikaja na ugali, na juu ya ugali chinsaga, na kando ya chinsaga, chinsaga. Nami, kwa vile ulimi wangu haujawahi kujifunza lolote, nikatabasamu mbele ya wageni wote wa Nyamira nikauliza kwa sauti: "Mama, samaki wangu yuko njiani?"

Alinitazama, sinia mkononi, na hakupunguza sauti.

"Wa kwako walikufa Sabato. Kula chinsaga."